Sabufa ya inchi 12 kati ya baridi ya Molo na jua la Kisumu: uzoefu wangu wa miezi minane

Sabufa hii nimekaa nayo miezi minane, na miezi mitatu ya mwanzo niliilaumu bure. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ni ya inchi 12, koili moja (waya wa shaba uliozungushwa, ndio unaosukuma koni, ule uso wa spika unaotikisika) ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, na wati 300 za mfululizo, zile inazobeba muda wote. Hiyo 300 ndiyo namba ya kuangalia. Ile 1,200 iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye katoni achana nayo. Niliinunua shilingi 9,500 hapa Kisumu, boksi nikachongewa karibu na soko la Kibuye, ikaingia kwenye buti ya Fielder yangu. Wiki za kwanza, raha tupu.

Kila mwisho wa mwezi huenda Molo kwa wazazi, na gari hulala nje. Molo iko juu, karibu mita 2,500, na alfajiri ya Julai ukigusa bati la gari unarudisha mkono. Siku ya kwanza nilipowasha benga saa kumi na mbili asubuhi, gita la besi ambalo Kisumu huwa nalisikia mgongoni lilitoka jembamba, kavu, kama linapigwa ndani ya ndoo. Mama alikuwa ananisindikiza hadi langoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo redio imeshikwa na homa?" Nikaendesha kwa huzuni. Kufika Kericho nikaona kama imeanza kuchangamka, na Ahero besi ilikuwa imerudi yote, bila mtu kuigusa.

Haikuwa na ugonjwa wowote. Ule mpira unaozunguka koni, pamoja na kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia koili huko ndani, hukakamaa kwa baridi. Besi nzito inataka koni isogee mbele na nyuma kwa nafasi kubwa, na mpira mgumu hauiruhusu, kwa hiyo noti za chini kabisa ndizo zinazopotea kwanza. Siku hizi nikiwa Molo naipiga kwa sauti ya chini dakika kumi na tano hivi, mpira ulainike, ndipo niongeze. Kuipiga kwa nguvu ikiwa bado baridi ni kuutesa huo mpira na gundi yake.

Baridi basi ni jambo dogo, linapita lenyewe. Joto ndilo linaloua.

Gari likishinda juani kule Dunga, Kisumu, kuanzia saa sita, ndani hakukaliki. Mimi narudi, nawasha muziki, na baada ya dakika arobaini taa ya amplifaya, kile kifaa kinachoipa sabufa nguvu, inageuka nyekundu, kimya. Nilirudi dukani mara mbili. Mara zote niliambiwa sabufa ni dhaifu, ninunue kubwa zaidi. Nilikaribia kununua! Fundi mmoja wa Nakuru ndiye aliyeniokoa. Aliinua zulia chini ya kiti cha abiria, mahali amplifaya ilipofungwa siku ya kwanza, akaniambia, "Kaka, weka mkono hapa." Ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati. Imefunikwa zulia, haina hewa, kwa hiyo ilikuwa inajizima kujiokoa. Akaihamishia ubavuni mwa buti, akaifunga kwa kuisimamisha, mapezi yake ya kupozea yakipata upepo pande zote. Tangu hapo haijazimika hata siku moja.

Lakini yeye hakuishia hapo. Alichukua mita ya umeme akapima koili ikiwa imepoa: omu 3.5. Tukapiga muziki kwa nguvu nusu saa, akazima, akachomoa waya upesi, akapima tena: 4.3. Shaba ikipata moto, ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo koili ilikuwa imepanda nyuzi kama 58 juu ya joto la gari. Na ukinzani ukipanda hivyo, kwa sauti ileile, wati zinazoingia hupungua kwa karibu moja ya tano. Hapo ndipo mtego ulipo. Sikio linasikia besi imelegea, mkono unaenda kwenye sauti, koili inazidi kuchemka, amplifaya inasukumwa hadi inakwaruza, na mwisho gundi ya koili inaachia. Wengi wanaosema "spika imeungua" wameiunguza kwa njia hii. Ukisikia harufu kama ya rangi inayoungua, usipunguze sauti tu. Zima kabisa, uiache ipoe.

Sasa nikitoka juani nafungua milango yote kwanza, natembeza gari kidogo madirisha yakiwa wazi, kisha ndipo naongeza besi. Safari ndefu naipumzisha kila baada ya muda.

Lawama yangu kwa sabufa yenyewe ni moja: sumaku yake haina tundu la hewa kwa nyuma, na kwa joto letu la ziwani tundu hilo lingesaidia sana kupoza koili. Kwa hilo naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtu wa gari la kawaida anayependa benga na rumba, bei hiyo ni ya haki. Anayetaka kupiga kwa nguvu mchana kutwa, kwenye matatu kwa mfano, atafute yenye koili kubwa zaidi na tundu nyuma. Na kabla ya kumlipa fundi, muulize amplifaya ataiweka wapi.