Penn State: kuanzia tawini, kumalizia University Park

Mpango wa 2+2 wa Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, unamfaa anayebana matumizi: miaka 2 ya kwanza kwenye kampasi ya tawi, ambako ada ni nafuu na madarasa ni madogo, kisha 2 University Park, kampasi kuu. Tatizo liko kwenye kuhama. Kila shahada ina masharti yake ya kuingia: wastani wa alama na masomo ya lazima. Tawi dogo huenda lisifundishe somo fulani muhula unaolihitaji, na hapo miaka 4 hugeuka 5. Linganisha ratiba ya tawi na masharti ya shahada kabla ya kujisajili, si baada.

Tawi lenyewe nalo lichunguze. Mei 2025 bodi ilipiga kura kufunga matawi 7, yakiwemo York na Mont Alto, baada ya muhula wa masika wa 2027.

Kwa habari kuna Daily Collegian, gazeti huru la wanafunzi lenye mizizi ya 1887, na Onward State ya mtandaoni, iliyoanza 2008 na yenye utani zaidi. Zote mbili zimejikita University Park; mwanafunzi wa tawini atapata habari za tawi lake kwa nadra, jambo linaloudhi.