Mizani ya gramu naisifu, silinda ina walakini

Mimi nauza mafuta ya kula Mbagala. Fizikia niliagana nayo kidato cha pili, bila machozi. Sasa binti yangu yuko kidato cha kwanza, kaleta zoezi la densiti, yaani tungamo gawanya kwa ujazo, kapata mbili kwa kumi. Nikashuka Kariakoo nikanunua mizani ndogo ya kidijitali inayobeba mwisho gramu 500 na kuonyesha hadi sehemu ya kumi ya gramu, shilingi 28,000, na silinda ya kupimia ya plastiki, mililita 100, shilingi 7,000. Tumevitumia mwezi mzima.

Mizani iko vizuri. Niliweka silinda tupu juu yake, nikabonyeza kuirudisha sifuri, nikajaza maji mpaka alama ya 100. Ikasoma gramu 99.6. Kwa joto letu hili la Dar, hivyo ndivyo maji yanavyotakiwa kusoma. Kero yake ni kwamba ukiiacha dakika moja inajizima, na ukiiwasha imeshasahau sifuri yako, kwa hiyo unamwaga na kuanza upya. Feni nayo izimeni, la sivyo tarakimu zitacheza mpaka mchoke.

Silinda ndiyo iliyonitoa jasho. Mistari yake inaruka mililita mbili mbili. Tukatumbukiza nati moja ya chuma ya gramu 15.7, maji yakapanda kama mstari mmoja hivi, na kupanda huko ndiko ujazo wa nati. Hiyo "hivi" ndiyo tatizo: ukisoma mililita 1 chuma kinakuwa na densiti 15.7, ukisoma 3 kinakuwa 5.2. Fundi baiskeli wa jirani akatuazima nati nyingine nne zilezile. Zote tano, gramu 78.6. Maji yalikuwa kwenye 50, yakasimama 60.

Binti akapiga hesabu, akaniambia, "Baba, densiti ni 1.31."

"Chuma hicho, mama, kidogo tu kingeelea."

Alikuwa amegawanya kwa 60. Nikamuuliza kabla ya nati maji yalikuwa wapi. Akanyamaza, akafuta, akaandika 60 toa 50, kisha 78.6 gawanya kwa 10: gramu 7.86 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ambayo ndiyo mililita moja. Kwenye jedwali la kitabu chake chuma ni 7.9. Nilipofungua lile zoezi la mbili kwa kumi, maswali matatu alikuwa amekosea palepale, hakutoa maji ya mwanzo. Kanuni aliijua vizuri tu.

Sasa onyo kwa mtakaonunua mizani ya aina hii. Ina kitufe cha kubadili gramu kuwa mililita. Msikiamini! Mizani haioni ujazo, inapima tungamo tu na kudhani kila kimiminika ni maji. Nilijaza mafuta ya alizeti mpaka mstari wa 100, yenyewe ikaniandikia mililita 92. Karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya hilo.

Lakini hiyo 92 imenifaa dukani. Miaka yote wateja wananitolea macho: dumu la lita 20 wanalipima nyumbani linakuja kilo 18 na ushee, narudishiwa kuwa nimepunja. Nilikuwa najitetea kwa viapo. Siku hizi naweka silinda kaunta, najaza maji, wanaona. Namwaga, nakausha, najaza mafuta mpaka mstari uleule, wanaona gramu 92. Lita moja basi ni gramu 920, mara lita 20, kilo 18.4. Mama mmoja alidai nirudie mara tatu, na mara ya tatu akajaza mwenyewe.

Mizani naipa nne kati ya tano, silinda mbili. Nitatafuta ya mililita 50 yenye mistari ya moja moja, maana hii mistari yake imeshaanza kufutika kwa sabuni. Mizani binti kaniambia anaitaka irudi chumbani kwake kabla ya mtihani wa mwezi, tunajadiliana.