Inchi tano za mlango wa choo: kitanda cha tano kwenye chumba cha familia, Mji Mkongwe

Mimi ni fundi cherehani. Futikamba inakaa kwenye mkoba wangu kama lipshaini inavyokaa kwenye mikoba ya wengine, kwa hiyo vipimo mtakavyovisoma hapa si vya kukadiria. Nilivichukua mwenyewe, saa nne usiku, nimepiga magoti kwenye sakafu ya hoteli huku mume wangu ananishikia tochi ya simu.

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na mama mkwe. Mama amezaliwa Pangani, bahari ameitazama tangu utotoni, ila hakuwahi kuivuka. Tukasema Desemba hii lazima aione Unguja. Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na kutoka bandarini Malindi hadi hotelini tulitembea kwa miguu, mizigo ikaja na mkokoteni.

Shida ilianza tangu wakati wa kuweka nafasi. Chumba cha familia kilikuwa cha watu wanne. Nikijaza wakubwa watatu na watoto wawili, programu inanitupia vyumba viwili, yaani bei mara mbili. Tena mama peke yake chumbani, ugenini? Hapana. Nikawaandikia hoteli WhatsApp: tunaweza kuongezewa kitanda cha mtu mzima? Jibu likaja ndani ya dakika kumi: "Inawezekana dada, dola 25 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi." Nikalipa malipo ya awali nikatulia. Sikuuliza kitanda chenyewe kikoje wala kitawekwa wapi. Hapo kosa ni langu.

Chumba ni kizuri, siwezi kukataa. Kuta nene za mawe na chokaa, madirisha marefu, na samadari, kile kitanda cha kuchonga, iliyo juu mpaka wamewekea kijingazi cha kupandia. Ila ni chumba chembamba na kirefu, kama ushoroba. Hilo si kosa la hoteli. Nyumba hizi za zamani dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Huwezi kujenga chumba kipana kuliko boriti inavyofika. Nilipima: upana futi 8 na inchi 10. Na kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, mwenye hoteli hawezi kuamka asubuhi akavunja ukuta ili fanicha yake ienee.

Basi vijana wawili wakakipandisha kitanda cha ziada hadi ghorofa ya pili kwa ile ngazi ya mbao iliyosimama wima kama ya kupandia mnazi. Jasho linawatoka. Wakakikunjua: kitanda cha kukunja chenye matairi, upana futi mbili na nusu, godoro inchi 4, na chuma kinachopita katikati pale kinapokunjiwa. Nilipoketi juu yake nilikihisi kile chuma. Mimi nina miaka 38 na nyonga zangu bado nzima.

Sehemu ya kukiweka ilikuwa moja tu, kati ya kabati lililojengewa ukutani na mlango wa choo. Ukuta ule una futi 5 na inchi 9. Kitanda kina futi 6 na inchi 2. Zile inchi 5 zilizozidi zikaingia mbele ya mlango wa choo, na mlango wenyewe unafungukia nje. Ukawa unafunguka nusu. Mume wangu, ambaye si mwembamba, alilazimika kuingia kwa ubavu.

Sasa fikiria mtu wa miaka 71 anayeamka mara mbili usiku kwenda msalani, halafu tena Alfajiri kutia udhu. Na mahali pa kutandika musala? Huku kwetu kibla ni kaskazini, na kaskazini ya chumba kile ndiko kitanda kilikowekwa. Usiku wa kwanza mama aliswali amejibana kati ya kitanda cha mjukuu na matairi. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hiki kitanda kinanikumbusha basi la Handeni." Aliyewahi kupanda mabasi ya zamani ameelewa.

Jambo jingine nisilolifikiria kabla ni chandarua. Samadari ina chake, vitanda vya watoto vina vyao, vimening'inizwa kwenye kulabu za darini. Kitanda cha ziada hakina kulabu. Walituletea dawa ya kupuliza, mama akaanza kupiga chafya, tukafungua madirisha, mbu wakaingia. Usiku wa manane tukabadilishana: mama akalala kitanda cha mwanangu mkubwa, mtoto akaja kwetu kwenye samadari, na mume wangu akaenda kwenye kile cha kukunja. Asubuhi alikuwa anatembea kama aliyebeba gunia la chumvi.

Nilishuka mapokezi mapema. Sikupiga kelele, ila nilikuwa na karatasi ya vipimo. Kijana wa zamu akasema ndicho kitanda cha ziada walichonacho na wageni wote hukitumia. Nikamuuliza, wageni wote wa umri gani? Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba mara nyingi ni watoto.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mhudumu wa vyumba, mtu mzima, mwenyeji wa hapo hapo. Alisimama mlangoni, akamwamkia mama, akaangalia chumba dakika moja nzima bila kusema kitu. Halafu: "Bi mkubwa huyu alale kitanda cha mtoto, kina godoro zuri la inchi 8. Mtoto tumpe godoro chini. Mchana tunalisukuma uvunguni." Uvunguni! Samadari za Unguja ziko juu kiasi kwamba chini yake unaweza kuficha kasha. Hoteli nzima wanazo, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mama mkwe akacheka: "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," na wa kuinama akawa mtoto wa miaka 9, ambaye kulala chini kwake ilikuwa ndiyo likizo yenyewe.

Wakaleta godoro la futi 3 kwa 6, inchi 6, wakalitandika kwa kukingama chini ya miguu ya samadari. Pembeni ikabaki njia ya futi 2 na inchi 10, mama anapita bila kujigonga. Chandarua wakakifunga kwa kamba kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa picha. Hakikuwa cha kupendeza, lakini mbu hakuingia. Kitanda cha kukunja kikashushwa, mlango wa choo ukafunguka wote, na kaskazini ikarudi kuwa kaskazini.

Kwenye bili walikuwa wameandika dola 75, siku tatu za kitanda cha ziada. Nikamwambia meneja kwamba kitanda nimekitumia usiku mmoja, na huo nao mlalaji alikuwa mume wangu. Hakubishana. Usiku miwili iliyobaki wakaihesabu dola 15 kila mmoja kwa ajili ya godoro, mashuka na chai ya mtu wa tano, jumla 55. Niliona ni haki, hasa kwa vile chai yenyewe ilikuwa na mkate wa ufuta wa moto na mama alikula kama yuko kwa dada yake.

Nimetoa nyota tatu. Mfumo hauna nusu, ningeongeza. Nyota mbili walizokosa ni za yule aliyejibu "inawezekana" bila kupanda ngazi kuangalia chumba. Yule mama wa vyumba ningempa tano zake mwenyewe, na tulimwachia kitu kidogo mkononi.

Mama ameshaanza kuuliza tunarudi lini. Chumba nitaomba kile kile, ila ujumbe wangu wa kwanza utataka kujua kama mlango wa choo bado unafungukia nje.