Led Zeppelin Sebuleni: Diski Ipi Inunuliwe Kwanza

Shabiki wa Led Zeppelin anayetaka kuiona bendi hiyo nyumbani, na si kuisikia tu, hana mengi ya kuchagua, kwa kuwa kundi lenyewe lilikuwa na ubahili mkubwa mbele ya kamera. Tangu lilipoanza mwaka 1968 hadi mpiga ngoma John Bonham alipofariki Septemba 1980, lilitoa filamu moja tu ya tamasha. Yote mengine yaliyopo sokoni kihalali yalitolewa miongo kadhaa baadaye. Uhaba huo, hata hivyo, haujaleta maelewano miongoni mwa mashabiki. Waketishe wawili waliobobea mbele ya filamu ile ya mwaka 1976, The Song Remains the Same, na kabla wimbo wa pili haujaisha watakuwa wamekwisha kugombana, mmoja akiiita kilele cha muziki wa roki kwenye skrini na mwingine akiiita filamu ya tamasha iliyoharibiwa na michezo ya kuigiza.

Mimi nimeshakuwa upande wa kila mmoja wao kwa nyakati tofauti, na baada ya kuimiliki filamu hiyo katika matoleo mawili naiweka katika nafasi ya tatu kati ya nne. Wanunuzi wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo yenye jina. Hukutana na mapanga, farasi na mzee mwenye taa mlimani, wakatoka wakiamini kwamba bendi ilisifiwa bure. Mpangilio ninaoupendekeza hapa unamlenga mtu huyo: mwenye fedha ya diski moja kwa sasa, na pengine ya pili baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya diski mbili iliyotolewa Mei 2003, ambayo kasha lake limeandikwa Led Zeppelin na ambayo watu huiita DVD, basi. Iliandaliwa na mpiga gitaa Jimmy Page pamoja na mwongozaji Dick Carruthers kutokana na filamu na kanda zilizokuwa zimelala ghalani kwa miaka mingi, na ina zaidi ya saa tano za picha. Diski ya kwanza peke yake inatosha kulipa gharama. Karibu yote ni tamasha la Royal Albert Hall, London, la tarehe 9 Januari 1970, siku ambayo Page alitimiza miaka 26. Kamera zilikuwa chache na filamu ilikuwa ya milimita 16, kwa hiyo picha ina chembechembe na kuna nyakati ambapo giza linameza nusu ya jukwaa. Ila kamera hizo zimesimama karibu mno na wanamuziki. Unamwona Page katika fulana yake isiyo na mikono yenye vipande vya rangi kama vazi la mchekeshaji wa kale, akipitisha upinde wa fidla juu ya nyuzi za gitaa katika “Dazed and Confused”, na nyuma yake Bonham, kijana wa miaka 21, akipiga kana kwamba ngoma zina deni lake. Hakuna sherehe ya taa wala moshi. Ni watu wanne tu wakitazamana machoni ili wajue nani anafuata.

Diski ya pili ndiyo inayozua manung'uniko, na manung'uniko hayo yana haki. Inatoka Madison Square Garden mwaka 1973 ikiwa na nyimbo nne, ikaingia Earls Court mwaka 1975 kwa nyimbo sita, kisha ikamalizia Knebworth mwaka 1979 kwa nyimbo saba. Anayejua kwamba maonyesho ya Earls Court yalipita saa tatu kwa usiku mmoja hawezi kuridhika na nyimbo sita, na wapo mashabiki ambao hadi leo hawajamsamehe Page kwa kutochapisha usiku mmoja mzima. Wenye msimamo mkali huongeza kesi ya “Immigrant Song”: picha ni ya Sydney, mwaka 1972, lakini sauti imetoka katika tamasha la Long Beach, California, la mwaka huohuo. Kwangu hilo si kosa la kumfanya mtu aache kununua, lakini anayetaka kumbukumbu halisi ya tukio moja ajue mapema kwamba hapo amepewa mawili yaliyoshonwa.

Kuhusu ubora wa picha, mnunuzi asidanganywe na matumaini. Earls Court na Knebworth zilirekodiwa kwa kanda za video ili kulisha skrini kubwa za hapohapo kwenye tamasha, na kanda ya video ya wakati ule haina undani wa picha wa ziada uliojificha ndani yake, tofauti na filamu ya sinema, ambayo inaweza kuchanganuliwa upya kwa mashine za kisasa na kutoa picha kali kuliko iliyowahi kuonekana. Kwa hiyo, mtu anayesema atasubiri mpaka seti hii ije kwa picha kali zaidi huenda anasubiri kitu ambacho sehemu kubwa ya diski ya pili haiwezi kumpa. Afadhali aichukue kama ilivyo, kisha ashughulikie sauti, ambako kuna faida ya bure. Menyu inatoa sauti ya spika sita kwa namna mbili, Dolby na DTS, pamoja na stereo ya PCM isiyobanwa. Mwenye spika mbili tu achague PCM kwa rimoti kabla ya wimbo wa kwanza. Akiiacha deki ijichagulie yenyewe, mara nyingi atasikia sauti ya spika sita iliyofinywa itoshee mbili, na besi ya John Paul Jones ndiyo huumia zaidi.

Kwa anayenunua seti hii ikiwa imetumika, afungue kasha kabla ya kulipa na ahesabu. Mimi niliwahi kuletewa kasha safi lenye kijitabu chake, na ndani mkiwa na diski ya pili peke yake. Muuzaji, ambaye simtaji, alijibu kwamba tangazo lake lilisema “kasha katika hali nzuri”, na kweli lilikuwa katika hali nzuri.

Nafasi ya pili ni Celebration Day, na umbali wake na ya kwanza ni mdogo kuliko namba zinavyoonyesha. Hili ni tamasha la tarehe 10 Desemba 2007 katika ukumbi wa O2, London, lililoandaliwa kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni ya Atlantic, ambapo Page, Jones na mwimbaji Robert Plant walirudi jukwaani huku Jason Bonham, mwana wa marehemu, akikalia kiti cha ngoma. Lilitolewa mwaka 2012, tena Carruthers akiwa mwongozaji. Ni nyimbo 16, kuanzia “Good Times Bad Times” hadi “Rock and Roll”, zikifuatana bila mahojiano, bila picha za nyuma ya jukwaa na bila mtu yeyote kueleza maana ya chochote. Kati yake umo “For Your Life”, ambao bendi haikuwahi kuupiga hadharani katika uhai wake wote. Toleo la kununua ni la Blu-ray, kwa kuwa tamasha lilipigwa kwa kamera za kisasa na DVD inalipunguzia thamani bila sababu.

Mashabiki wanaolipinga hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya nyimbo zimeshushwa ufunguo ili zilingane na koo la Plant, aliyekuwa na miaka 59. Ya pili ni kwamba bila John Bonham hiyo si Led Zeppelin. Hoja ya kwanza ni kweli, na nadhani imelisaidia tamasha: Plant haimbi kwa kukimbiza sauti ya ujana wake, anaimba kama mtu anayezielewa nyimbo hizo kuliko alipozitunga. Ya pili ni suala la moyo na sitabishana nalo, ila namwomba anayeishikilia aitazame “Kashmir” hadi mwisho, amwangalie Jason jinsi anavyoshikilia mapigo mazito bila kuongeza madoido, na awatazame wazee watatu wanavyogeuka kumtafuta kila wimbo unapokaribia kona. Mtu mwenye runinga kubwa na mpya, asiyevumilia picha ya chembechembe, abadilishe mpangilio wangu na aanze hapa. Sitamlaumu.

Sasa turudi kwenye filamu yenyewe. The Song Remains the Same ilipigwa Madison Square Garden, New York, kwa siku tatu mwishoni mwa Julai 1973. Mwongozaji wa kwanza, Joe Massot, aliondolewa kazi ikiwa haijakamilika, na Peter Clifton aliyeipokea akagundua kwamba picha zina mapengo: nyimbo zilikuwepo kwenye sauti lakini hazikuwepo zote kwenye kamera. Dawa iliyopatikana mwaka 1974 ilikuwa kujenga jukwaa la kuigiza katika studio za Shepperton, Uingereza, na kuipiga bendi picha upya ikijifanya iko New York. Jones alikuwa amekata nywele na ikabidi avae wigi. Ukishalijua hilo huwezi tena kutolijua; macho hukimbilia kichwa chake kila kamera inapomfikia, na mavazi yake yanayobadilika ndani ya wimbo mmoja hukuambia kwamba unatazama zaidi ya usiku mmoja.

Juu ya mapengo hayo zikawekwa ndoto. Kila mwanamuziki alipewa sehemu ya kuigiza: Plant ni shujaa mwenye upanga, Jones ni mpanda farasi aliyevaa barakoa, Page anakwea mlima usiku kumfuata mzee, na meneja wao Peter Grant ni jambazi wa mtindo wa Chicago. Sehemu ya Bonham pekee ndiyo isiyoaibisha, kwa sababu haigizi kitu: anaendesha magari ya mbio, anazunguka shambani kwake, na mwanawe Jason, yuleyule wa mwaka 2007, anaonekana mtoto mdogo akipiga ngoma ndogo. Kwa mashabiki wengi hiyo ndiyo sababu ya kuihifadhi diski hii hata wakiichukia iliyobaki. Mimi naongeza “Since I've Been Loving You”, ambapo kamera inatulia usoni mwa Page na haijaribu kuwa na akili.

Anayeinunua aangalie mwaka kabla ya bei. Toleo la Novemba 2007 lina sauti iliyochanganywa upya na Kevin Shirley, iliyooanishwa na picha vizuri zaidi, pamoja na nyimbo za nyongeza ambazo filamu ya sinema haikuwa nazo, zikiwemo “Over the Hills and Far Away” na “Celebration Day”. DVD za kabla ya hapo ni za wale wanaoitaka sauti ya sinema ya mwaka 1976 kama walivyoizoea. Wapo, na wana sababu zao, lakini mnunuzi wa mara ya kwanza si mmoja wao. Toleo hilo la mwaka 2007 lilitoka pia kwa HD DVD, mfumo ulioachwa na watengenezaji wake mwaka uliofuata. Kasha lake ni jekundu, na diski hiyo haisomeki katika deki ya Blu-ray. Katika bidhaa zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na sasa unajua sababu.

Jambo jingine linahusu kasi, na wauzaji hawalitaji. Filamu ya sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini DVD za PAL, mfumo wa runinga uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huenda kwa picha 25, na njia ya kawaida ya kuziba tofauti hiyo ni kuikimbiza filamu nzima kwa asilimia nne. Katika filamu ya mazungumzo hakuna anayegundua. Katika muziki, isipokuwa sauti imesahihishwa, kila wimbo hupanda kwa zaidi ya nusu ya nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano), na anayejaribu kupiga gitaa akiifuata ataanza kutilia shaka masikio yake. Tazama muda ulioandikwa nyuma ya kasha: filamu ina takriban dakika 137, hivyo ukiona 131 au 132, imekimbizwa. Blu-ray huicheza kwa kasi yake halisi, ila uhakikishe herufi ya eneo iliyo kwenye kasha, A, B au C, inakubaliwa na deki yako.

Nafasi ya nne ni Becoming Led Zeppelin ya Bernard MacMahon, iliyoingia sinema Februari 2025. Kuwa ya mwisho hapa hakumaanishi ni mbaya. Ni filamu ya historia zaidi kuliko tamasha, na anayenunua ili aone bendi ikipiga asiianze. Wanachama watatu walio hai wanajieleza wenyewe, bila wachambuzi, na Bonham anasikika kupitia mahojiano ya zamani ambayo wenzake wanasikilizishwa mbele ya kamera. Sura zao wakati huo zinasema zaidi ya mahojiano yao. Jambo linalosifiwa na wengi ni kwamba nyimbo zinaachwa ziende mbali kabla ya mtu kuanza kuongea. Linalolalamikiwa ni kwamba hadithi inakatika Januari 1970, kabla ya albamu nyingi kurekodiwa. Inakatikia Royal Albert Hall, kwenye usiku uleule ambao diski ya kwanza ya seti ya mwaka 2003 inauanza.