Skana ya kichwa ya Papa, Lubumbashi

Papa, baba yangu, alipopatwa na kiharusi, mkono wa kuume ulilegea na maneno yakamkatika. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha skana hapa Lubumbashi. Picha yenyewe haikufika dakika 10. Foleni ya kulipa ndiyo ilikula asubuhi nzima, mgonjwa kaegemea bega langu kwenye benchi la mbao. Hilo walirekebishe. Lakini daktari wa picha, Mungu ambariki! Alituonyesha doa jeusi upande wa kushoto wa ubongo: mshipa umeziba. Damu ingemwagika, doa lingekuwa jeupe. Akatueleza kuwa sehemu iliyokufa hairudi, ila jirani zake zaweza kujifunza kazi yake, ndiyo maana mazoezi hayasubiri. Juzi Papa ameshika kikombe mwenyewe, akaniita jina.