Chemka na mtoto asiyejua kuogelea: uzoefu wangu

Jumanne iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka saba kwenye chemchemi ya Chemka, kule Rundugai wilayani Hai. Mama yangu naye akasema hawezi kubaki Moshi peke yake. Miaka yote nilipaona ni mahali pa wageni. Nimejinyima sana.

Kwanza jina lisikudanganye. Maji hayachemki, ni vuguvugu tu. Huchipuka chini ya mizizi ya mikuyu, na ni maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto zilizo chini yako. Ukikaa ukingoni, visamaki vinakuja kukudonoa miguu. Mwanangu alipiga kelele mara mbili za hofu, ya tatu ikawa kicheko. Mama alitumbukiza miguu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Haya ni maji ya mlimani, yamepita chini kwa chini." Ndivyo yalivyo: mvua inazama kule juu Kilimanjaro, inaibukia huku kwenye tambarare kavu ya migunga. Kutoka hapo yanaingia mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua perege tunaonunua sokoni, kisha yanakuwa mto Pangani mpaka baharini.

Sasa lililoniudhi. Aliyetukodisha gari aliniahidi jaketi la kuokolea la mtoto, na bei ilikuwa pamoja nalo. Tulipofika, buti tupu. Nikampigia, akanijibu, "Dada, maji yenyewe yametulia." Hayajatulia! Katikati hata mtu mzima mguu haugusi chini, na upande wa kutokea maji yanavuta. Maji yakiwa maangavu hivyo, kina kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Hilo ndilo la kumwogopea mtoto.

Aliyetuokoa ni kijana anayekodisha mipira ya matairi. Alimwamkia mama, "Shikamoo bibi," akachagua mpira mdogo, akaufunga kamba, akanionyesha pembe ambayo mtoto anasimama maji yakamfika kifuani. Nilishika kamba ile saa mbili nzima na mkono haukuchoka. Bembea ya kamba waachieni wanaojua kuogelea.

Njia, kama huna gari: daladala ya Moshi kwenda Arusha inakushusha Boma Ng'ombe, halafu bodaboda au bajaji. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Barabara ni ya vumbi, mama alijifunika kanga puani mwendo wote. Chakula kinauzwa, ila sisi tulibeba chapati na mayai, na tumbili wana macho makali, usiache mfuko wazi.

Tulifika saa tatu asubuhi tukawa karibu peke yetu. Kufika saa saba makundi yalishajaa, muziki juu, na mtoto mdogo huwezi tena kumfuatilia kwa macho. Tukaondoka.

Mwanangu ameshauliza ni lini tena. Jaketi nitanunua mwenyewe, la saizi yake, na nitalijaribu nyumbani kabla ya siku ya safari.