Kifutio cha reli au alkoholi: kipi kinaifaa treni yako ndogo?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina bidhaa mbili. Hiki ni kifutio cha reli, kipande cha mpira chenye chenga za msasa ndani yake. Na hii ni chupa ya alkoholi ya isopropili, asilimia 99. Zote zinauzwa kwa kazi ya kusafisha reli za treni ndogo. Niseme mapema: mimi nachukua chupa.

Injini hii ni ya kipimo cha OO, yaani 1:76, ndogo mara 76 kuliko injini halisi, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Haina betri. Umeme, volti 12 kwa juu kabisa, unapanda kutoka reli ya upande mmoja, unapita kwenye gurudumu, unazungusha mota, kisha unashukia gurudumu la upande wa pili. Pale gurudumu linapogusana na reli ni padogo kuliko ncha ya kalamu, na hapo hapo ndipo treni inapopatia uhai wake. Mgusano ukikatika kidogo tu, cheche inaruka na kuacha weusi. Changanya na vumbi, changanya na mafuta yanayovuja kwenye ekseli, ndiyo unapata huu utando. Kwa hiyo ukiona injini inasitasita na taa zinapepesa, jamani, msikimbilie kufungua mota. Anzeni na reli.

Haya, napitisha kifutio. Mmeona? Reli imeng'aa papo hapo, na ndiyo maana watu wanakipenda. Sasa nasogeza kamera. Tazameni hii mikwaruzo myembamba: uchafu unaofuata utang'ang'ania humo humo. Na hizi chembe za mpira zilizodondoka kati ya mataruma, usipozifyonza zitaingia kwenye gia. Kifutio nakikubali kwa reli kuukuu zilizokaa stoo miaka, zenye utando mgumu usiotoka kwa kitambaa. Reli nyingi za siku hizi ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, hazihitaji kukwanguliwa kila mara. Zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndiyo msiguse kabisa! Vipande vyake huvutwa na sumaku ya mota, na mota inaungua.

Tuje kwenye chupa. Zima umeme, fungua madirisha, weka moto mbali, maana alkoholi hii inashika haraka. Chukua kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, kizungushie kipande cha mbao, kiloweshe kidogo, upitishe taratibu. Nakigeuza... mistari miwili myeusi tii. Reli haina mkwaruzo, na baada ya muda mfupi imekauka yenyewe. Magurudumu nayo, kijiti cha pamba kinatosha, ukizungusha pole pole mpaka kijiti kitoke cheupe.

Kwenye mafuta ndiko injini nyingi zinakoharibikia, kwa sababu watu wanamimina. Tumieni mafuta mepesi yaliyoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki, tone dogo la ncha ya sindano kwenye kila mwisho wa ekseli, basi. Gia zinataka grisi kidogo. Angalieni gurudumu hili lenye pete ya mpira: mpira huu ndio unaoipa injini nguvu ya kuvuta mabehewa. Mafuta yakiugusa, gurudumu linateleza na mpira wenyewe unaweza kuvimba na kuchomoka.

Ukimaliza kutia mafuta, iendeshe mbele na nyuma dakika chache, bila mabehewa. Kisha zima umeme, urudishe kitambaa relini mara moja zaidi, kwa sababu mafuta yaliyozidi yatakuwa yameshashuka huko.